Sura ya Sita: Dakika Tano Bila Barakoa

Mji mzima wa Lanyon hakuna anayewajua samaki wa chini kama mimi. Nawajua kwa sura, kwa madoa, kwa jiwe wanalolalia, na nani kamkimbia nani. Kuogelea ndiyo sijui. Bahari yetu imenipata mara moja tu, nilipoteleza gatini na sinia la pai za kombe, na aliyenitoa ni mbwa wa Bevan. Pai hazikuonekana tena, na mbwa alilala siku mbili.

Kwa hiyo niseme mapema: ndani ya lile tangi mimi sikuwamo. Aliyekuwamo ni Sajenti Lorna Direen, na amenisimulia kwenye meza yangu ya jikoni, mara tatu, na mara zote tatu hadithi ilikuwa ileile. Ndiyo maana nikamwamini. Sehemu yangu mimi ni ndogo. Nitaikuza kidogo nikifika.

Ilikuwa Oktoba, saa sita na nusu mchana, upepo wa kusini-magharibi ukipiga mabati. Direen alisimama mbele ya tangi la zamani la wapiga mbizi wa abaloni, wale konokono wa baharini wa bei ghali. Ni silinda ya chuma yenye rangi ya kijani, ndefu kama gari la kubebea wagonjwa na nyembamba kuliko hilo, ina vidirisha viwili vya duara. Mtu akipanda haraka kutoka kilindini, damu yake hutoa viputo kama soda iliyofunguliwa, na dawa yake ni kumrudisha kwenye shinikizo lilelile, kwenye chuma, halafu kumpandisha taratibu. Kwa kawaida wagonjwa hao tunawapeleka hospitali ya Hobart. Siku hiyo kifusi kilikuwa kimeziba barabara na helikopta haikuweza kuruka.

Mgonjwa alikuwa Galvin Trethewey, mpiga picha wa chini ya maji. Kalenda yake ya samaki ipo kwenye kila choo cha Tasmania. Saa nne asubuhi mvuvi wa kamba, Arthur Bester, alimkuta amelala ndani ya boti yake kwenye Mwamba wa Nje, miguu haina kazi. Mwenzake aliyeshuka naye majini, Maeve Haslock, miaka ishirini na tisa, hakuwamo kwenye boti. Boti tano zilikuwa zinamtafuta Mwamba wa Nje, zikifuata mkondo ambao Trethewey aliutaja. Maji yalikuwa digrii kumi na moja. Vazi la Maeve la kuzamia lingemtunza mpaka jioni. Baada ya hapo lingekuwa sanda tu.

"Nataka dakika kumi naye," Direen alimwambia Bevan, mzee anayeendesha tangi.

"Dakika kumi sina. Nina saa tano." Bevan hakuacha kufungua koki. "Chumba kimoja, mlango mmoja. Ukiingia umeingia, Lorna. Nikishajaza hewa sifungui hata aje mfalme na taji lake."

"Na nikishindwa?"

"Kuna ndoo nyuma ya pazia."

Direen ni mwanamke ambaye hapandi lifti hata akiwa na sanduku. Alitazama tangi, akatazama bahari kupitia mlango wa banda. Mtu mmoja tu duniani alijua Maeve alionekana wapi mara ya mwisho, na mtu huyo alikuwa anaingizwa kwenye chuma kwa machela.

"Nipe gauni," alisema.

Ndani ya tangi huingii na chochote kinachoweza kutoa cheche au kuvuja. Bastola, simu, saa ya mkononi, mkanda, kalamu ya wino, vyote vikaingia kwenye beseni la Bevan. Direen akatoka chumba cha kubadilishia amevaa gauni la pamba linalofungwa nyuma, mkononi penseli na karatasi, na heshima yote ya serikali ikipigwa na baridi magotini.

Mlango ukafungwa. Hauna kufuli. Hewa yenyewe ndiyo inayoushikilia kwa ndani, na fahali kumi hawaubandui.

Walikuwa watatu. Trethewey kwenye kitanda chembamba, Direen kwenye benchi, magoti yake yakigusa godoro, na nesi Sela Vaipulu, Mtonga wa visiwa vya Pasifiki mwenye mabega ya kubeba mtumbwi, akiwa kichwani pa mgonjwa. Hewa ikaanza kuingia kwa mluzi. Joto likapanda. Masikio ya Direen yakabana kama mtu anayeyasukuma kwa vidole viwili.

"Ziba pua, meza mate," Sela alisema. Sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba, ya puani. "Tena. Usisubiri yaume, mama. Yakishauma umechelewa."

Direen alimeza mate mpaka yakamwisha. Mshale wa kipimo cha shinikizo ukutani ukasimama kwenye mita kumi na nane.

"Sasa sikilizeni utaratibu," Bevan alisema kwenye spika. "Dakika ishirini barakoa ya oksijeni, dakika tano anaivua anavuta hewa ya kawaida. Halafu tena ishirini. Akiwa na barakoa haongei. Lorna, umenisikia? Haongei. Daktari yuko kwenye simu kutoka Hobart, na yeye ndiye anayesema hivyo, si mimi."

"Kwa hiyo nina dakika tano."

"Tano tano. Kama jogoo, unawika kwa zamu."

Kwa dakika ishirini za kwanza Direen alimtazama mtu akipumua. Juu ya barakoa macho ya Trethewey yalikuwa yamefumba, kope zikichezacheza. Saa ya ukutani ilikuwa nje, ikionekana kupitia kidirisha, na mshale wake ulikwenda kama mzee anayepanda ngazi.

Sela akaivua barakoa.

"Mlishuka wapi?" Direen aliuliza.

"Nimeshasema. Mwamba wa Nje, upande wa mashariki." Sauti yake ilikuwa ya bata, lakini bado ilikuwa na asali ya mtu aliyezoea kuhojiwa na redio. "Saa mbili asubuhi."

"Kina?"

"Thelathini na kitu. Ghafla mkondo ukaja. Maeve alikuwa mbele yangu, mita tatu hivi. Nikamwona anachukuliwa, Sajenti. Kwa macho yangu haya."

"Ukafanya nini?"

"Nikapanda kumfuata."

"Mkondo ulimchukua kwenda juu?"

Trethewey akalamba midomo. "Kwenda mbali. Nikapanda ili nimwone kutoka juu. Ndiyo nikawa hivi."

"Mlikuwa mmeshikana? Kamba, mkono?"

Sela alicheka puani. "Wapiga picha, mama? Hao wakisema wako pamoja, maana yake wako bahari moja siku moja. Kila mmoja uso umeganda kwenye kioo chake."

"Si kweli," alisema Trethewey. "Maeve alikuwa ananishikia taa."

"Ulipiga picha ngapi?"

"Hata moja. Kamera ilikaa shingoni kama kengele ya ng'ombe."

"Ulipofika juu uliita msaada?"

"Redio ilikuwa imekufa. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Kisha Arthur akaja, Mungu ambariki."

"Muda," Bevan alisema.

Trethewey alijivika barakoa kabla Sela hajamshikia. Direen aliliona hilo, akaliandika kwa penseli. *Anaikimbilia.*

Zikapita dakika nyingine ishirini. Jasho lilimtiririka mgongoni Direen, na gauni likamnata kama ngozi ya pili aliyopewa isiyo saizi yake. Spika ikakoroma.

"Purton yuko hapa," Bevan alisema. Konstebo Purton ni mtu wa miaka hamsini na minane, goti bovu, macho mazuri. "Ameikagua boti. Nanga ina tope jeusi kwenye makucha. Halafu taa mbili za kamera, betri zake zimekwisha kabisa. Kadi ina picha mia na arobaini."

"Za lini?"

"Kamera inasema za mwaka juzi, Januari mosi, saa tisa usiku."

Direen akainua kichwa. Saa tisa usiku, siku ya mwaka mpya? Alikaa na hilo dakika kumi nzima. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Alifikiria wizi wa picha, kamera ya mtu mwingine, mtu wa tatu ndani ya boti. Alijenga nyumba nzima juu ya saa hiyo.

Barakoa ikatoka.

"Kamera ni yako?"

"Ya nani tena?"

"Inasema ulipiga picha usiku wa mwaka mpya."

Trethewey akacheka kwa mara ya kwanza, na Sela naye akatabasamu. "Sijawahi kuirekebisha saa yake. Nikitoa betri inarudi Januari. Muulize mpiga picha yeyote."

Nyumba ikaanguka. Direen alichora mstari mmoja juu ya karatasi, akaendelea.

"Picha ni za lini, basi?"

"Za Machi. Za huko kaskazini, ghuba mbalimbali."

"Na betri?"

"Baridi. Baridi inaua betri."

"Na tope la nanga? Mwamba wa Nje ni jiwe tupu. Hata mimi najua, na mimi natapika kwenye feri."

"La wiki iliyopita. Nilitia nanga bandarini."

"Bwana Trethewey, kila kitu chako ni cha wiki iliyopita au cha Machi. Leo ulikuwa na nini?"

"Leo nilikuwa na rafiki," alisema, na macho yakamjaa machozi. Direen alishindwa kujua ni ya kweli au la. Aliniambia mpaka leo hajui.

Sela alimbonyeza vidole vya miguu. "Unahisi?"

"Nahisi."

"Asante Mungu. Muda."

Barakoa. Direen akainuka, akasahau paa, akagonga kichwa. Hatua mbili mbele, mlango. Hatua mbili nyuma, pazia la ndoo. Akabonyeza kitufe cha spika.

"Bevan. Nitoe."

"Siwezi."

"Nahitaji kwenda kwenye boti. Dakika tano."

"Nikipandisha tangi sasa, viputo vinarudi kwenye uti wa mgongo wake, na safari hii hatembei tena. Labda na wewe nikupe vichache vya kwako. Unataka?"

Alikuwa ameweka kiganja kwenye chuma cha mlango. Kilikuwa cha moto. Alikiacha hapo mpaka pumzi yake ikatulia, kisha akarudi kukaa.

Hesabu yake ilikuwa hii. Tope jeusi liko kwenye mahori manne ya pwani yetu, vile vighuba vyembamba vinavyoingia nchi kavu. Hori la Mjane, lililopigwa marufuku kwa wapiga mbizi, ni moja tu kati yake. Kama angeziondoa boti Mwamba wa Nje kwa ajili ya tope, na mtu huyu awe anasema kweli, Maeve angekufa akielea kwenye mawimbi huku watu wakipekua matope. Na kama angeziacha, na mtu huyu awe anadanganya, Maeve angekufa mahali pengine kimya kimya. Tope peke yake halikutosha. Alihitaji mahali.

"Mwambie Purton achapishe picha zote," alisema. "Rangi. Mashine ya rangi iko wapi?"

"Iko moja tu mji mzima," Bevan alijibu. "Kwa Bibi Elva."

Hapo ndipo naingia mimi, mnivumilie.

Nina duka la chambo na pai pale juu ya gati, na nina mashine ya kuchapa picha kwa sababu nina albamu. Albamu ni ya samaki-mikono. Ni samaki mdogo, anaenea kiganjani, mwenye uso wa mtu aliyeambiwa bei. Kuogelea hapendi. Anatembea juu ya mawe kwa mapezi yake kama mtoto anayetambaa, na hata akitishwa haendi mbali. Wa kwetu wanaishi kipande kimoja cha Hori la Mjane, si kikubwa kuliko uwanja wa kanisa. Kila mmoja ana madoa yake, hakuna wawili wanaofanana. Wapiga mbizi wenye kibali hushuka kuwahesabu, huniletea picha za ubavu wa kushoto na wa kulia, mimi nahesabu madoa na kuwapa majina. Shule nimekomea ya msingi, lakini madoa hayaniulizi cheti. Tangu Aprili hori limefungwa. Watu walikuwa wanawabeba samaki wetu kwa vidole na kuwaweka palipo na mandhari, ili picha ipendeze. Siku hizi ukikamatwa humo bila kibali, unapoteza kibali cha bahari yote, na mashindano yote ya picha yanakufungia mlango. Kwa mtu kama Galvin huko ni kuzikwa akiwa anatembea.

Purton alikuja mbio, kwa jinsi anavyoweza kukimbia. Picha ya kwanza ikatoka kwenye mashine. Nikavaa miwani.

"Huyu ni Mama Mkwe," nikasema.

"Nani?"

"Madoa kumi na tisa ubavu wa kushoto, na moja chini ya jicho kama amelia kidogo. Mama Mkwe huyo. Wa Hori la Mjane. Hajawahi kutoka nje ya uzio wake tangu nimjue."

"Una uhakika, Bibi?"

"Purton, wewe nikikuona kwa mgongo nakujua. Huyu namwona uso."

Akageuka kwenda. Nikamwita. Nilikuwa nimeona kitu kingine ukingoni mwa picha ya tatu. Nilikaa kwenye kreti la chupa, nikamwambia maneno machache, na safari hii Purton alikimbia kweli.

Bevan hakutumia spika. Ni mzee mjanja. Aliandika kwenye karatasi, akaibandika kwenye kidirisha kilicho nyuma ya kichwa cha Trethewey, pale ambapo mgonjwa haoni. Direen akasoma. Akasoma mara ya pili. Akaandika kwa herufi kubwa, akainua: GEUZA BOTI. HORI LA MJANE. ZOTE.

Bevan akatikisa kichwa kukubali, kisha akaandika tena: HORI NI KILOMITA TATU, NA SAMAKI KABEBWA. MAPANGO KAMA MZINGA WA NYUKI. LIPI?

Jibu la swali hilo alikuwa nalo mtu mmoja tu, na barakoa ilikuwa usoni pake. Dakika kumi na moja zilikuwa zimebaki.

Direen aliniambia hizo dakika kumi na moja ndizo zilizokuwa ndefu kuliko zote. Angeweza kumvua kwa nguvu. Sela aliliona hilo likipita usoni mwake, akaweka mkono wake mkubwa juu ya barakoa, bila hasira, kama mtu anayefunika chakula.

"Nikimkatiza atapooza, mama. Akipooza atanyamaza kwa ubishi. Mwache avute."

"Kuna msichana majini."

"Najua. Nina binti wa umri huo. Mwache avute."

Walikaa. Pumzi ya Trethewey ilikwenda na kurudi. Alikuwa amefumbua macho sasa, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, akijaribu kusoma kilichobadilika.

"Muda," alisema Bevan.

Barakoa ikatoka. Direen hakuinua sauti.

"Tuongee juu ya samaki. Bevan, onyesha ya kwanza."

Picha ikabandikwa kwenye kidirisha cha pembeni. Mama Mkwe akaangalia ndani ya tangi kwa uso wake wa kuchukizwa.

"Unamjua?"

"Samaki-mikono. Nimeshasema, kaskazini, Machi."

"Anaitwa Mama Mkwe. Anakaa Hori la Mjane. Bibi Elva amehesabu madoa."

"Sawa. Hori la Mjane. Huwa nachanganya picha. Lakini Machi, Sajenti. Machi nilikuwa na kibali, hori lilikuwa wazi. Daftari la vibali lipo."

"Lipo. Nilijua utalitaja. Ulikuwa na Maeve, Machi?"

"Maeve alikuja Tasmania Agosti. Machi nilikuwa na mwanamume mmoja wa Hobart, ananishikia taa."

"Hakuna mwingine?"

"Yeye tu."

"Glavu zake rangi gani?"

Trethewey akakunja uso. "Nyeusi. Glavu za watu wote ni nyeusi. Ndiyo maswali gani haya?"

"Bevan. Ya tatu."

Picha ya tatu ikapanda kwenye kioo. Mama Mkwe yuleyule, safari hii juu ya jiwe jeupe lisilo na mwani, mahali ambapo asingekwenda kwa miguu yake. Na ukingoni, upande wa kulia, vidole vitatu vinavyoshika taa ndogo. Vidole vilikuwa vya pinki.

Direen akabonyeza kitufe. "Bibi Elva yuko kwenye simu?"

"Yuko, na hanyamazi," alisema Bevan, akasogeza simu kwenye kipaza sauti.

"Galvin!" nikasema mimi. Nilikuwa napiga kelele, nikidhani chuma kinahitaji kelele. "Hiyo ni glavu yangu ya kuoshea vyombo! Maeve alikuja dukani saa moja na nusu leo asubuhi, glavu yake ya kushoto imechanika pale inapofungwa kwenye pete ya mkono wa vazi la kuzamia. Nikavua yangu nikampa. Nimeikata pengo kwenye kidole gumba kwa wembe wa samaki, ipo hapo kwenye picha, iangalie! Povu lilikuwa bado bichi, mwanangu! Machi gani hiyo?"

Ndani ya tangi mkono wa Trethewey ukatoka chini ya shuka, polepole, ukaenda kwenye barakoa.

Sela akaichukua, akaiweka nyuma ya mgongo wake.

"Bado dakika tatu, baba," alisema.

"Pango gani, Galvin?" Direen aliuliza.

"Nilidhani atatoka mwenyewe."

"Pango gani?"

"Lenye jiwe la meza mlangoni. Upande wa kusini, chini ya mti ulioanguka. Linaingia kisha linapanda. Juu kuna chumba kina hewa." Alikuwa anaongea haraka sasa, kama mtu anayetapika. "Aliingia kuangalia kama kuna mayai. Alitifua tope, hatukuona kitu, nikamfuata kwa kupapasa mpaka kule juu. Akakaa kwenye jiwe. Mtungi wake ulikuwa umebaki kidogo sana, wangu pia. Nikamwambia nakwenda kuleta mwingine. Alinipungia mkono. Ule wa pinki."

"Bevan, umesikia?"

"Purton yuko kwenye redio anawaambia. Boti ya kwanza iko mdomoni mwa hori."

"Saa ngapi ulimwacha?"

"Saa tatu kasoro."

"Arthur alikukuta saa nne na dakika kumi. Mwamba wa Nje." Direen alisogea mbele mpaka magoti yake yakabana godoro. "Kutoka Hori la Mjane kwenda Mwamba wa Nje unapita gati. Unapita duka la Bibi Elva. Unapita kituo changu cha polisi."

"Miguu ilianza kufa. Sikuwa na akili yangu."

"Ulikuwa na akili ya kung'oa nanga. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakumwona mwongo mwenye boti. Kwa nini hukuita?"

"Nilikuambia. Redio ilikuwa imekufa. Ningeita vipi? Laiti ingekuwa nzima ningeita pale pale, naapa, hori au si hori, kibali au si kibali. Redio ilikufa, Sajenti. Hilo si kosa langu."

Alilisema hilo vizuri. Machozi yalikuwepo, na sauti ya bata ilivunjika palipostahili. Hata Sela alimtazama Direen.

Direen akageuka kwenye spika. "Bevan, Arthur Bester yuko hapo?"

"Yupo mlangoni. Amekataa kwenda nyumbani."

"Muulize, alipopanda boti ya Galvin, alimwona au alimsikia kwanza?"

Kulikuwa na mguno, viatu vizito, kisha sauti ya Arthur karibu mno na kipaza sauti. "Nilisikia redio, Lorna. Ilikuwa inasoma hali ya hewa. Kubwa kabisa. Nikaizima mimi mwenyewe ili nimsikie yeye anasema nini."

Trethewey alimtazama Direen. Kisha akautazama mlango, ule usio na kufuli.

"Muda," alisema Bevan.

Sela akaitoa barakoa nyuma ya mgongo wake, akamvika mwenyewe, akakaza mikanda pande zote mbili. Dakika ishirini. Baada ya hizo, nyingine. Zilikuwa zimebaki saa tatu na nusu kabla mlango haujaachia, na Direen alikuwa amekaa palepale, magoti kwa godoro, anamtazama.